Abdalla, Mwana wa Nani?

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na wote waliofuata mwendo wao.

Ama baada ya hayo. Katika darasa letu limeletwa swali, nasi tumeona yafaa tulijibu kwa maandishi lipate kusomwa na wengi, kwani jambo lenyewe latuhusu sisi watu wa pwani kuliko tudhanivyo. Swali latoka Daraja Mbili, soko kubwa la wazi katika mji wa Kisii, huko magharibi ya Kenya. Kijana mmoja wa Kigusii, mchuuzi wa ndizi katika soko hilo, alitoa shahada mbele ya Waislamu. Wakamwita Abdalla. Hilo lilikuwa jambo jema, naye alilipenda jina. Kisha mmoja katika waliohudhuria, mtu wa huku kwetu, akamwambia kuwa jina la baba yake ni la Kigusii na la mtu asiyekuwa Mwislamu, wala halifai kufuatana na jina la Mwislamu. Basi tangu siku hiyo aandikwe Abdalla bin Abdalla. Kijana akauliza: Je, ili niwe mja wa Mungu, ni lazima niache kuwa mwana wa baba yangu?

Swali hili si dogo. Ndani yake mna maswali mawili: jina la Abdalla lina maana gani, na je, yafaa kulitumia jina hilo kumfutia mtu baba yake?

Tuanze na maana. Abdalla ni maneno mawili ya Kiarabu yaliyounganishwa: Abdu, yaani mtumwa au mja, na Allah, Mwenyezi Mungu. Katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa majina yapendezayo zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni Abdalla na Abdurrahman. Na si ajabu, kwani sifa hii ya uja ndiyo aliyosifiwa nayo Mtume mwenyewe mahali pa utukufu mkubwa. Katika Suratul Israa, inapotajwa safari ya usiku kutoka Msikiti Mtakatifu hadi Msikiti wa Aksa, hakutajwa kwa ufalme wala kwa ukoo wa Kikureshi. Ametajwa kuwa ni mja wa Mola wake. Katika Suratul Jinn ameitwa kwa neno hilo hilo, Abdullah. Na katika Suratu Maryam, Nabii Isa (A.S.), alipokuwa mtoto mchanga mikononi mwa mama yake, jambo la kwanza alilolisema ni kwamba yeye ni mja wa Mwenyezi Mungu. Basi kijana wa Daraja Mbili aliyekulia katika nyumba ya Kikristo, akiambiwa aitwe Abdalla, hakupewa neno geni. Amepewa neno ambalo, kwa mujibu wa Qurani, Nabii Isa alijitambulisha nalo kwa watu.

Lakini yapasa tukumbuke kwamba jina hili lilikuwako kabla ya Uislamu. Baba yake Mtume aliitwa Abdalla, naye alifariki kabla mwanawe hajazaliwa, katika zama za Jahiliya, wakati Alkaaba ilipokuwa imejaa masanamu. Tena kinara wa wanafiki wa Madina, aliyewaudhi Waislamu kwa miaka, naye jina lake lilikuwa Abdalla: Abdalla bin Ubayy. Alikuwa akisimama safuni na kuitwa mja wa Mungu mchana na usiku, na jina halikumfaa kitu. Mwanawe naye, Mwislamu wa kweli, imepokewa kuwa aliitwa Hubab, na Mtume akamwita Abdalla. Basi katika nyumba moja walikuwamo Abdalla wawili, mmoja mnafiki na mmoja muumini, na herufi za jina ni zile zile. Hapana dalili kubwa kuliko hii ya kuonyesha kuwa jina ni wito tu. Mwenye kuitwa ndiye apasiwaye kuitika.

Na katika habari ya nyumba hiyo kuna funzo jingine litufaalo hapa. Yule mwana, alipopata habari kuwa huenda baba yake akauawa kwa unafiki wake, alimwendea Mtume kwa moyo mzito. Mtume hakumwamrisha amkane. Alimwambia kuwa watamtendea wema muda wote atakaokuwa pamoja nao. Mwana akabaki kuitwa Abdalla bin Abdalla, kwa haki, kwa sababu baba yake kweli aliitwa hivyo! Hakubadilishiwa baba, ijapokuwa baba huyo alikuwa mtu wa namna gani.

Sasa tulitazame swali la pili. Katika Suratul Ahzab, Mwenyezi Mungu ameamrisha watu waitwe kwa baba zao, na akasema kuwa hilo ndilo la uadilifu zaidi mbele Yake. Sababu ya amri hii yajulikana. Zaid bin Haritha alitekwa angali mtoto, akauzwa, akafika nyumbani kwa Mtume, naye akampenda na kumfanya mwanawe, hata watu wakawa wakimwita Zaid bin Muhammad. Hebu fikirini, ndugu zetu: kuna utukufu gani duniani upitao wa kuitwa mwana wa Muhammad? Na juu ya hayo, ilipoteremka aya, Zaid alirudishiwa jina la Haritha, baba yake mzazi. Ikiwa jina la Mtume mwenyewe halikuruhusiwa kuchukua mahali pa jina la Haritha, litawezaje jina la Abdalla wa kubuni kuchukua mahali pa jina la Mgusii aliyemzaa mwanawe, akamlisha na kumlea?

Wala aya haikuishia hapo. Yaendelea kutwambia kuwa tusipowajua baba zao, basi hao ni ndugu zetu katika dini na ni wenzetu. Tazameni hekima hii. Hata yule asiyejulikana baba yake hasa, hatukuamriwa tumtungie baba. Tumeamriwa tumpe undugu. Salim, aliyekuwa katika wasomaji wakubwa wa Qurani miongoni mwa sahaba, alijulikana kwa kunasibishwa na Abu Hudhaifa, nduguye katika dini. Hakuandikiwa baba wa karatasi.

Atasema msemaji: baba wa kijana huyu si Mwislamu, na ndipo penye tofauti. Nasi twamjibu kwa kumwuliza: Umar alikuwa bin nani? Bin Khattab, na Khattab hakuuona Uislamu. Khalid, aliyeitwa Upanga wa Mungu, alikuwa bin Walid, na Walid bin Mughira alikufa akiupinga Uislamu. Ikrima alikuwa mwana wa Abu Jahl, adui mkubwa kabisa wa dini hii. Hatukusikia hata mmoja wao akiambiwa ajiite bin Abdalla ili jina lake lipate kutakata. Na siku ya vita vya Hunain, watu walipotawanyika, Mtume mwenyewe alisimama imara akatangaza kuwa yeye ni Nabii wa kweli, na kuwa yeye ni mwana wa Abdul Muttalib, babu yake aliyefariki kabla ya Uislamu.

Atasema tena: kila mwanadamu ni mja wa Mungu, basi kumwita mtu bin Abdalla si uwongo, kwani baba yake naye ni mja wa Mungu apende asipende. Neno hili lina sura ya ukweli, na limetumika katika nchi nyingi. Katika daftari za dola ya Kituruki waliosilimu waliandikwa mara nyingi kuwa ni wana wa Abdullah. Malaysia nako imekuwa ni mazoea waliosilimu waitwe bin Abdullah, na watoto waliozaliwa nje ya ndoa wakaandikwa hivyo hivyo, mpaka shauri likafika katika mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, nayo mwaka 2020 ikahukumu kuwa idara ya usajili haikuwa na mamlaka ya kumbandika mtoto jina hilo. Basi mazoea twayajua. Lakini kazi ya jina la baba ni kumtambulisha mtu kuwa ni wa fulani na si wa fulani mwengine. Jina linalomfaa kila baba duniani halimtambulishi baba yeyote. Mtu akiulizwa, "Baba yako ni nani?" akajibu, "Mja wa Mungu," hakusema uwongo, lakini pia hakujibu. Na nasaba katika dini yetu ina kazi zake: kwayo hujulikana maharimu, nani amuoe nani na nani asimuoe, na nani amwunge nani katika jamaa. Mwenye kuificha nasaba leo awatega wajukuu wake kesho. Na Mtume ametoa onyo kali kwa mtu ajinasibishaye na asiyekuwa baba yake hali ya kuwa ajua, kwamba Pepo ni haramu kwake. Onyo hilo limo katika Bukhari na Muslim, wala si la kuchezewa kwa maneno.

Sasa tuseme neno zito, nalo latuelekea sisi wenyewe. Desturi hii ya kumpokonya mtu baba yake huku pwani ina historia. Zamani za utumwa, mtu aliyeletwa kutoka bara alipofika hapa alipewa jina na bwana wake: Mabruk, Feruzi, Almasi, Baraka. Mazuri kwa maana, lakini baba hakutajwa. Akitajwa, alitajwa kwa bwana: mtumwa wa fulani; na akiachwa huru, huru wa fulani. Siti binti Saad, mwimbaji aliyejulikana Afrika Mashariki nzima, aliyefariki mwaka 1950, alipozaliwa Fumba katika kisiwa cha Unguja aliitwa Mtumwa. Wamishenari nao, walipowaweka watumwa waliokombolewa katika kijiji cha Freretown, Mombasa, kilichoanzishwa mwaka 1875, waliwapa majina ya Kizungu, na jina la baba likapotea kwa njia nyingine. Sheria ya utumwa iliondolewa Unguja na Pemba mwaka 1897, na huku pwani ya Kenya mwaka 1907. Sheria imeondoka, lakini je, tabia imeondoka? Tunapomwambia mtu wa bara kuwa jina la baba yake halifai kuingia katika nyumba yetu, twafanya kazi ile ile aliyoifanya bwana kwa mtumwa wake.

Na ajabu ni kuwa twaifanya kwa jina la Abdalla, jina lililokuja kuivunja kazi hiyo! Kwani mja wa Mwenyezi Mungu hana bwana mwengine. Mtume aliwakataza hata wenye watumwa wasiseme "mtumwa wangu" na "mjakazi wangu", kwa sababu watu wote ni waja wa Mungu. Akawaelekeza waseme "kijana wangu". Kwa ajili hiyo wanavyuoni wamekataza jina lolote la uja kwa asiyekuwa Mwenyezi Mungu. Basi amwitaye mwenzake Abdalla, kisha akamtazama kama mtu wa chini, hajui alitamkalo.

Sasa turejee kwa majina ya Wagusii, kwani wengi huyakataa bila ya kuyauliza. Tuchukue Mogaka, jina lililoenea sana huko. Maana yake ni mzee. Huku pwani na visiwani wako Waislamu, wana wa Waislamu, walioitwa Mzee, na hapana aliyewaambia wabadili. Wako kina Kombo, na Makame, na Pandu, na Mwinyi, na Mwanakombo, na majina haya si ya Kiarabu. Basi bin Mzee ni halali Unguja, na bin Mogaka ni haramu Kisii? Na dalili iko wapi? Kwamboka ni jina la mwanamke litokanalo na kuvuka. Nyanchera latokana na njia. Nyaboke latokana na asali. Tumetafuta ushirikina katika kuvuka, katika njia na katika asali, hatukuuona. Huenda mtu akasema kuwa Wagusii huwapa watoto majina ya jamaa waliokufa. Nasi je? Ni nyumba ngapi za pwani ambazo mtoto wa kwanza huitwa kwa jina la babu yake? Ikiwa mtu aitakidi kwamba roho ya aliyekufa hurudi kwa kuitwa jina, na aiache itikadi hiyo, nalo jina libaki ni kumbukumbu na shukrani kwa wazee.

Mtume alibadilisha majina, hilo twalijua. Lakini aliyabadilisha yenye maana mbaya au yenye ushirikina. Mwanamke aliyeitwa kwa jina la maana ya muasi alimwita Jamila. Majina ya Bilal, na Hamza, na Umar, na Uthman, yote yalikuwako kabla ya Uislamu, na yote yakabaki. Na Hazn, aliyeitwa kwa jina la maana ya ugumu, aliambiwa awe Sahl, yaani mwepesi. Akakataa kuliacha jina alilopewa na baba yake, na Mtume hakumlazimisha. Ikiwa Mtume hakulazimisha, ni nani aliyetupa sisi mamlaka ya kulazimisha?

Liko na jambo la karatasi za serikali, ambalo limewatia wengi wasiwasi. Mtu amesilimu na kitambulisho chake kina jina la zamani. Je, Uislamu wake umepungua? Jibu limo katika Bukhari. Abdurrahman bin Auf aliandikiana mkataba na Umayya bin Khalaf, mshirikina wa Makka, kila mmoja amchungie mwenzake mali yake. Alipoandika Abdurrahman, Umayya akasema kuwa hamjui huyo Rahman, amwandikie jina lake la zamani. Akaandika Abdu Amr. Naye ni katika sahaba kumi waliobashiriwa Pepo. Jina la karatasini halikumtoa katika kundi hilo. Atakaye kubadili, sheria ya Kenya yamruhusu kwa hati inayosajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Asiyeweza gharama wala hana haja, asisumbuliwe.

Na wakati tuyasemapo haya, tusiwasahau ndugu zetu Wanubi, ambao wana makazi yao ya tangu zamani mjini Kisii. Hao ni wazao wa askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza, na walishika Uislamu na majina yake mbali na pwani, pasipo msaada mkubwa kutoka kwetu. Wao walipata taabu ya kinyume: kwa miaka mingi vijana wao walipotaka vitambulisho walihojiwa na kutakiwa ushahidi ambao wenzao hawakutakiwa, mpaka mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Haki za Mtoto ikaamua kwamba watoto wa Kinubi wa Kenya walidhulumiwa katika haki ya uraia. Basi katika mji mmoja Mnubi huulizwa nchi yake kwa sababu ya kuitwa Abdalla, na Mgusii huulizwa dini yake kwa sababu ya baba yake kuitwa Mogaka. Dhuluma ya kwanza twailalamikia sana, na ni haki yetu. Hii ya pili twaifanya wenyewe misikitini, na hatuioni.

Kabla ya kukhitimisha, twapenda kusema neno fupi juu ya matamshi. Wengi wamezoea kumwita mtu Abdul tu. Neno hilo peke yake halijakamilika: ni mtumwa wa... wa nani? Wengine husema Dulla. Kufupisha jina kwa mapenzi hakukatazwi, na Mtume mwenyewe alimfupishia jina Bibi Aisha. Lakini katika jina lenye kumtaja Mwenyezi Mungu ni heshima kulitamka kamili.

Wala asidhani msomaji kuwa twawakataza waliosilimu kuchukua majina ya Kiislamu. La, hasha. Jina jema ni alama, ni dua, na ni furaha kwa mwenye kulipewa. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyeifasiri Qurani nzima kwa Kiswahili na tafsiri yake ikachapishwa mwaka 1969, alilitumikia jina lake kwa kalamu na kwa mimbari hata alipofariki mwaka 1982. Huo ndio mwitikio wa jina. Tusemalo ni kwamba jina la mtu mwenyewe ni lake kulichagua, na jina la baba si la mtu yeyote kulifuta.

Basi jibu letu kwa ndugu yetu wa Daraja Mbili ni hili. Jiite Abdalla ukipenda, na ulishike. Ukilipenda na jina lako la kwanza, na maana yake si mbaya, hapana dhambi. Ama baba yako, mtaje kwa jina lake kila utajapo jina lako, na umwandike hivyo katika cheti cha ndoa yako na cha watoto wako. Nenda ukamsalimie, umchukulie mahitaji yake, usimtii katika kumshirikisha Mungu, na ukae naye kwa wema, kama tulivyofunzwa katika Suratu Luqman. Bibi Asma binti Abu Bakr alipojiwa na mama yake, naye ni mshirikina, Mtume alimwamrisha amuunge. Huenda baba yako akaujua Uislamu kwa kuona kuwa mwanawe, alipokuwa mja wa Mungu, alizidi kuwa mwana.

Na neno letu kwa watu wa pwani: wako wanaocheka kusikia Daraja Mbili, wakisema ingalikuwa Madaraja Mawili. Na waseme, lakini lugha ile iliyochekwa ndiyo kijana alitolea maelezo ya imani yake, na wasikizaji wakaelewa. Neno daraja lenyewe tumelitoa katika Kiarabu, na huko maana yake ni cheo, na vyeo mbele ya Mwenyezi Mungu ni kwa ucha-Mungu, kama ilivyo katika Suratul Hujurat. Twaombeni ndugu zetu maimamu na walimu wa vyuo, mtu akija kusilimu, mwulizeni jina la baba yake, mliandike kwa herufi sahihi, na mlitamke mbele ya watu kwa heshima.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe waja Wake wa kweli, wale ambao katika Suratul Furqan amewasifu kuwa watembea juu ya ardhi kwa unyenyekevu. Wallahu aalam, wabillahi tawfiq.